Saratani ya ini: Jinsi inavyohama, na mahali pa kuizuia

Na Daktari Wetu, Londiani

KUNA swali ambalo jamaa za wagonjwa wa saratani ya ini huuliza mara kwa mara, hapa Londiani na pia huko mjini unakoishi wewe msomaji. Mgonjwa hupigwa picha akaambiwa ini lake lina uvimbe. Majuma machache baadaye huanza kukohoa au kulalamikia maumivu ya mgongo, na picha nyingine ikaonyesha kwamba mapafu au mifupa imeingiliwa pia. Ndipo watu wa nyumbani huuliza: "Daktari, si ugonjwa ulikuwa kwenye ini? Kifuani umefikaje?"

Kwa kukosa jibu, baadhi husema hospitali ilikosea mara ya kwanza. Wengine huanza kutafuta mkono wa jirani, na familia ikaingia katika ugomvi wakati ambapo mgonjwa anahitaji amani. Juma hili nitalijibu swali hilo kwa kuangalia yale yanayotendeka ndani ya seli, yaani zile chembechembe ndogo zinazoujenga mwili. Ukielewa jinsi saratani hii inavyosafiri, utaelewa pia kwa nini mahali pazuri pa kuizuia ni miaka mingi kabla haijaanza safari.

Saratani ya ini si ugonjwa wa wachache. Kwa hesabu za shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 860,000 duniani walipatikana na ugonjwa huu mwaka 2022, na zaidi ya 750,000 walifariki mwaka huohuo. Tazama jinsi idadi hizo mbili zinavyokaribiana. Wengi hugunduliwa wakati ambapo saratani imekwisha kuingia kwenye mishipa ya damu au kuhamia viungo vingine, na upasuaji hauwezi tena kuwaponya.

Ni muhimu kufahamu kwamba hapa ninazungumzia saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe. Zipo nyingine zinazoanzia kwenye utumbo, tumbo au matiti kisha zikahamia kwenye ini. Hizo huitwa kwa jina la kiungo zilikoanzia, na matibabu yake ni tofauti. Usione aibu kumwuliza daktari wako ni ipi kati ya hizo.

INI NA WALINZI WAKE

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo hulipitia kwanza kabla ya kwenda kwingine, ikiletwa na mshipa mmoja mkubwa. Chakula ulichokula, pombe uliyokunywa na sumu uliyoimeza bila kujua, vyote hukaguliwa hapo. Damu ikishakaguliwa hutoka kwa mishipa mingine inayoelekea upande wa kulia wa moyo, na moyo huisukuma hadi kwenye mapafu. Iweke njia hiyo akilini, kwa sababu tutairudia.

Seli ya ini yenye afya haihami. Imeshikamana na jirani zake kwa protini ziitwazo kadherini, ambazo hutokeza nje ya kila seli na kushikana na zile za seli ya pili, kama watu walioshikana mikono. Seli ikibanduka mahali pake, kwa kawaida hufa.

Aidha, ndani ya kila seli kuna walinzi. Mlinzi anayejulikana zaidi ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Kazi yake ni kukagua maandishi ya urithi, yaani DNA, kabla seli haijagawanyika kuwa mbili. Kosa likionekana, kazi husimamishwa mpaka lirekebishwe. Likiwa kubwa mno, seli huamriwa ijiue. Kwa njia hii mwili huondoa kimyakimya seli nyingi mbovu ambazo zingeweza kuleta madhara.

MAHINDI NA VIRUSI

Mlinzi huyo anaweza kuangushwa na kitu kilichomo ndani ya chakula chetu cha kila siku. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus, anayeota kwenye mahindi na njugu, hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Wanasayansi waliifahamu baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu yaliyokuwa na kuvu.

Mtu akila sumu hii nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika na anaweza kufa baada ya siku au majuma machache. Wakenya hawajasahau mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Lakini akila kidogokidogo kwa miaka mingi, haoni dalili yoyote. Ini hujaribu kuigeuza sumu hiyo ili litoe taka, na katika kuigeuza huifanya kuwa kali zaidi. Ikiwa katika hali hiyo, hujibandika kwenye DNA.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na lingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, yaliripoti jambo la kushangaza. Katika uvimbe wa wagonjwa wengi, jeni inayotengeneza p53 ilikuwa imeharibika mahali palepale, herufi moja tu ikiwa imebadilishwa. Ilikuwa kama alama ya kidole iliyoachwa na mwizi. Aflatoksini ilikuwa imemwondoa mlinzi, na seli mbovu zikabaki kuzaana.

Adui wa pili ni virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo alama yao iligunduliwa katika damu na Baruch Blumberg wa Marekani katika miaka ya 1960. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Virusi hivi huweza kuchomeka kipande cha maandishi yao ndani ya DNA ya seli ya ini. Mojawapo ya mahali ambapo kipande hicho hupatikana mara kwa mara ni karibu na jeni inayoiwezesha seli kugawanyika bila kuchoka. Wakati huohuo, askari wa mwili hushambulia seli zilizoambukizwa, seli hufa, nyingine huzaliwa, na baada ya miaka mingi ini hujaa makovu na kuwa gumu. Pombe nyingi, homa ya ini aina ya C, na mafuta yanayojaa kwenye ini la mtu mnene au mwenye kisukari huweza kuleta makovu kama hayo.

Maadui hawa wawili wakikutana, madhara hayajumlishwi tu bali huzidishwa. Utafiti uliofanywa Shanghai kwa wanaume zaidi ya 18,000, na kuchapishwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba aliyekula aflatoksini alikuwa na hatari ya saratani ya ini iliyo kubwa mara 3 hivi kuliko asiyekuwa na lolote. Mwenye virusi vya B alikuwa na hatari mara 7. Mwenye vyote viwili alikuwa na hatari karibu mara 60.

SAFARI YENYEWE

Sasa tufuate seli moja ya saratani inapoanza kuondoka.

Hatua ya kwanza ni kuachana na wenzake. Makovu niliyoyataja hayakai kimya. Seli zinazoyatengeneza humwaga ujumbe wa kikemikali, na mmojawapo huitwa TGF-beta. Kwa seli yenye afya, ujumbe huo husema: usiongezeke. Seli ya saratani iliyokwisha kuharibika huusikia vingine, nayo hujiandaa kuondoka. Ndani yake huwashwa protini zenye majina kama Snail na Twist, ambazo kwa kawaida hufanya kazi wakati mtoto anapojengeka tumboni mwa mama na seli zake zinahitaji kuhama ili kuunda viungo. Protini hizi huzima jeni ya kadherini. Mikono iliyoshikana huachiliwa. Seli iliyokuwa na umbo la tofali hurefuka, nayo huanza kujisogeza.

Hatua ya pili ni kukata njia. Seli zimezungukwa na nyuzi ngumu za kolajeni. Seli ya saratani hutoa vimeng'enya vinavyozikatakata nyuzi hizo, mfano wa panga linavyofungua njia katika ua wa miti, mpaka ikafika kwenye ukuta wa mshipa wa damu.

Hatua ya tatu ni kuiita damu. Uvimbe ukizidi milimita chache, seli za katikati hukosa hewa ya oksijeni. Hapo hutoa protini iitwayo VEGF, inayoichochea mishipa ya jirani kuchipua matawi mapya na kuyaelekeza kwenye uvimbe. Daktari Judah Folkman wa Boston alitoa hoja mwaka 1971 kwamba uvimbe hauwezi kukua bila mishipa hiyo, na wengi hawakumwamini mwanzoni. Mishipa mipya huwa hafifu na yenye nyufa, kwa hivyo inalisha saratani na pia inaifungulia mlango wa kutokea.

Hatua ya nne ni kusafiri. Saratani ya ini hupenda sana kuingia kwenye ule mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka kwenye utumbo. Kutoka hapo, seli hutawanywa ndani ya ini lenyewe. Hii ndiyo sababu mgonjwa aliyeambiwa ana uvimbe mmoja huweza kukutwa baadaye akiwa na mingi midogo. Nyingine huingia kwenye mishipa inayotoa damu kwenye ini, hufika kwenye moyo, na kwa pigo moja la moyo husukumwa hadi kwenye mapafu. Mishipa ya mapafu ni myembamba mno, nazo hukwama humo. Hilo ndilo jibu la swali la jamaa za mgonjwa: kutoka kwenye ini hadi kifuani kuna njia iliyonyooka, na damu huipita kila dakika.

Nyingi ya seli hizo hufa njiani. Nguvu ya damu huzipasua, na askari wa mwili huziua. Zinazosalimika huwa na hila. Baadhi hujifunika kwa chembe zinazogandisha damu. Nyingine huvaa protini iitwayo PD-L1, ambayo humwambia askari wa mwili aziache zipite, kama mtu aliyevaa sare ya wizi anavyopita langoni.

Hatua ya tano na ya mwisho ni kuota. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akaona kwamba saratani haikuhamia popote tu. Alisema mbegu hupeperushwa kila upande lakini huota palipo na udongo unaozifaa. Mkulima wa Kericho hahitaji kuelezwa hilo kwa kirefu. Mche wa chai unaostawi katika udongo wetu wa uchachu na mvua ya mwaka mzima hauwezi kushika katika mchanga wa pwani. Kwa saratani ya ini, udongo unaofaa ni mapafu, mifupa, tezi za limfu na tezi zilizo juu ya figo.

Hivi ni kusema kwamba picha ya kwanza haikuwa na kosa, wala jirani hakutenda lolote. Huenda seli zilikuwa tayari kwenye mapafu siku ile ya kwanza, zikiwa ndogo mno kuonekana kwa mashine yoyote.

TIBA HUFUATA NJIA HIYOHIYO

Ukielewa hatua hizo, utaelewa maneno ya daktari wa upasuaji. Mwaka 1996 madaktari wa Milan nchini Italia walionyesha kwamba mgonjwa anayepandikizwa ini jipya huishi miaka mingi ikiwa ana uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au isiyozidi mitatu ambayo hakuna unaopita sentimita 3, na ikiwa saratani haijaingia kwenye mishipa mikubwa ya damu. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Jambo linaloangaliwa ni kama seli zimekwisha kuanza safari.

Zikiisha kuondoka, dawa hujaribu kuzikatiza njiani. Dawa ya sorafenib, iliyoidhinishwa kwa saratani ya ini mwaka 2007, huzuia ujumbe wa VEGF na ujumbe mwingine wa kukua. Katika jaribio lililoifanya ikubaliwe, wagonjwa waliishi kwa wastani miezi mitatu zaidi ya waliokosa dawa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mbili za sindano zinazotolewa pamoja, moja ikizuia VEGF na nyingine ikimvua seli ile sare ya PD-L1. Hizi zimewasaidia wengi zaidi, lakini bei yake ni ya kutisha, na bado hazimponyi mgonjwa wa kawaida aliyechelewa.

Na kuchelewa ni rahisi. Ndani ya ini hakuna mishipa mingi ya kuhisi maumivu. Maumivu huja pale uvimbe unapokuwa mkubwa na kuvuta ngozi inayolifunika ini. Kukonda, tumbo kujaa maji, macho kuwa ya manjano na uvimbe unaoshikika chini ya mbavu za kulia, zote ni dalili za kuhudhuria hospitali mara moja, lakini aghalabu ni dalili za safari iliyokwisha kuanza.

PA KUUKATA MNYORORO

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe uko katika mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa msomaji wa gazeti hili.

La kwanza ni chanjo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B mwishoni mwa mwaka 2001, ikiwa ndani ya ile sindano ya magonjwa matano inayotolewa mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14. Taiwan ilitangulia mwaka 1984, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 saratani ya ini kwa watoto wa umri wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Sasa jiulize wewe ulizaliwa lini. Kama ni kabla ya chanjo hiyo kuanza, yamkini hujakingwa. Mtu mzima hupewa sindano tatu katika muda wa miezi sita.

La pili ni kupimwa damu kabla ya kuchanjwa. Mtoto anayeambukizwa na mamake wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kubaki na virusi maishani, ilhali kwa mtu mzima haufiki asilimia 5. Kwa hivyo wengi wanaovibeba leo walivipata utotoni, na wanaonekana wazima kabisa. Virusi huambukizwa kwa damu, ngono, wembe au mswaki wa kushirikiana, na kwa mama kumpa mtoto anapojifungua. Haviambukizwi kwa kusalimiana wala kula sahani moja, kwa hivyo usimtenge mwenye navyo. Ukipatikana navyo, huenda ukahitaji kidonge kimoja kwa siku, kama vile tenofovir, kinachovilaza virusi na kupunguza hatari ya saratani. Usikiache bila kumwambia daktari, maana virusi vinaweza kuamka kwa nguvu.

La tatu ni mahindi. Wengi wenu mjini hutumiwa gunia na wazazi, likapakiwa kwenye matatu hapa Londiani au Kipkelion. Baridi ya nyanda zetu za juu haimpendezi kuvu huyu kama joto la Ukambani, lakini mvua ikikuta mahindi shambani mwisho wa mwaka, na yakatiwa ghalani yakiwa mabichi au kusafirishwa hadi mahali penye joto, hatari ipo. Mwambie mama nyumbani ayaanike juu ya turubai wala si kwenye udongo, na asiyatie kwenye gunia kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Uliza kituo cha Bodi ya Nafaka kilicho karibu kama kina mashine ya kukaushia na ya kupima unyevu. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kunyauka zitolewe. Kupika ugali hakuiondoi sumu hii, wala kuyageuza mahindi mabovu kuwa busaa. Kadhalika, usimlishe ng'ombe, kwa sababu sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa utakayoyanywa.

La nne ni kwa wale ambao tayari wana makovu kwenye ini, na kwa wengi wenye virusi vya B. Waache pombe kabisa, na wamwulize daktari kuhusu kupigwa picha ya ultrasaundi kila baada ya miezi sita. Uvimbe wa sentimita 2 ukionekana mapema bado unaweza kutolewa au kuchomwa. Uvimbe huohuo ukiachwa mwaka mmoja au miwili, huenda ukawa umefika kwenye mshipa mkubwa.

Kwa hivyo msomaji, juma hili nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe uombe kupimwa virusi vya homa ya ini aina ya B. Kama huna virusi wala kinga, anza chanjo. Kama unavyo, waite mke au mume wako, watoto na ndugu zako wapimwe pia, kwa maana huenda virusi hivyo viliingia nyumbani kwenu zamani na vingali vinamsubiri mwingine.